Doa la Mirihi na Safu ya Maulidi

Picha aliyoibandika Haula ukutani, kati ya kioo cha kuchania nywele na shuka jeupe la kupigia picha za vitambulisho, ilikuwa nyeusi karibu yote. Kulikuwa na nyota chache kama punje za chumvi, na katikati doa hafifu la kijivu, kama alama inayobaki mtu akifuta kioo kwa kidole kikavu. Watu waliokuja kupigwa picha ya BI, kitambulisho cha taifa, waliitazama huku wakingoja zamu, na karibu wote walisema jambo lilelile: hii imeharibika.

"Haijaharibika," Haula alijibu kila mara. "Hiyo ni nyota yenye mkia, imepigwa kutoka Mirihi."

"Mirihi ndiyo wapi? Upande wa Nangade?"

Mjomba wake Dauto, mwenye studio, alicheka mpaka akakohoa. "Wamekwenda huko kote na mashine yao, wakarudi na picha za aina ninazozifuta mimi. Si wangeniita!"

"Ungefika vipi, mjomba, nawe ukipanda pikipiki mpaka Awasse unalalamika mgongo?"

"Ningelala njiani, dotora."

Dotora ndilo jina alilompa tangu arudi kutoka Nampula na licenciatura yake, shahada ya fizikia. Mji wa Mocímboa ulikuwa umeanza kujaa tena. Waliokimbia mwaka mji ulipotwaliwa na waasi walikuwa wanarejea kidogo kidogo, wanaezeka upya, na kila aliyerejea alihitaji kitambulisho kipya. Haula hakuwa amepata shule ya kuajiriwa. Asubuhi alifundisha bila ujira katika shule ya msingi iliyokuwa imerudishiwa paa, na mchana alimsaidia mjomba wake kwenye kompyuta. Aliamini kwamba mtoto akielewa namna binadamu anavyokiona kitu kilicho mbali, haitakuwa rahisi kwa mtu yeyote kuja kumdanganya. Aliyasema hayo mara nyingi, na Dauto aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mtoto aliyesoma sura yake vizuri.

Aliyeuliza swali la maana kuhusu ile picha alikuwa Rukaya, mama aliyekaanga vitumbua mbele ya soko na kumletea Dauto vyake kila adhuhuri. Aliweka sahani mezani, akaisogelea, akainama.

"Wamejuaje kwamba hili doa ndilo nyota yenyewe, na si uchafu wa kamera?"

Haula alifurahi hata akaacha kazi aliyokuwa nayo. Alimvutia kiti.

"Mwezi wa kumi, mama, nyota hii yenye mkia ilikuwa upande wa pili wa jua. Sisi huku Duniani tusingeweza kuiona, jua lilituziba. Mirihi ndiyo iliyokuwa karibu nayo. Na huko Mirihi kuna gari dogo lisilo na dereva, lina kamera ya kutazamia mawe. Basi watu wake wakaliambia kwa redio: leo acha mawe, inua macho."

"Na mawe yakangoja."

"Mawe hayana haraka, mama."

"Haya. Na doa?"

"Ukitaka kuipata nyota kama hiyo, unapiga picha nyingi, moja baada ya nyingine, halafu unazilaza moja juu ya moja. Nyota za kawaida zote zinakwenda pamoja, kama watu walio kwenye safu. Kile kisichokwenda na wenzake, ndicho unachokitafuta. Hata kama ni doa tu. Mwendo wake ndio unaokitaja."

Rukaya akacheka, kicheko ambacho Haula hakuwahi kukisikia kwake.

"Basi ni kama Suleimane wangu kwenye maulidi."

"Yule!" Dauto alidakia kutoka nyuma ya shuka. "Usinikumbushe yule. Wenzake wakiyumba kulia, yeye ndiyo kwanza anatoka kushoto. Khalifa wa maulidi alichoka, akamweka mwisho wa safu asije akawang'oa watu meno."

"Alimgonga mtoto wa Jacinto wa kinu," Rukaya alisema akifuta macho. "Nikamwambia, mwanangu, huyasikii matari? Akaniambia, nayasikia mama, ila nangoja nihakikishe."

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha kwa Rukaya kwanza. Suleimane alikuwa mwanawe pekee. Siku ya kukimbia, mama alikuwa shambani na kijana alikuwa mjini, na kila mmoja alikimbilia upande uliokuwa wazi kwake. Rukaya alikwenda kwa miguu kusini. Kuhusu Suleimane alisikia neno moja tu, kwamba alionekana akipanda mashua iliyokwenda upande wa Tanzania. Nyumba iliungua na kila kilichokuwamo, na makaratasi ya ofisini yaliungua pia. Hakubaki na picha yake hata moja.

"Tena aliniharibia foto," Dauto aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Maulidi ile ya mwisho." Akakatiza maneno. "Ngoja. Ile sikuifuta."

Hapo yafaa kueleza desturi ya Dauto. Kabla ya vita alikuwa akichapa picha, akimpa mwenyewe, kisha akiifuta ili kadi ya kamera ipate nafasi. Waliotoka vizuri walikwenda na picha zao majumbani, na majumba yakaungua nazo. Alipokimbia, kadi aliyoishonea kwenye pindo la kanzu ilikuwa imebaki na picha ambazo hakuna aliyezitaka: mtu kafumba macho, bibi harusi kageuka kumfukuza nzi, mbuzi kapita mbele ya viongozi. Tangu arudi, watu walimjia kumwomba sura za watu wao, naye hakuwa na cha kuwapa. Ndiyo maana hakupenda kuifungua kadi ile.

Siku hiyo aliifungua. Haula alipekua kwenye kompyuta mpaka Dauto akasema, "Hapo."

Ulikuwa ua wa msikiti, chini ya balbu moja. Vijana walikuwa wamepiga magoti bega kwa bega, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, wakiyumba. Dauto hakutaka kumulika mwanga wa kamera mbele ya khalifa, kwa hiyo aliiacha kamera wazi muda mrefu zaidi, na vijana wakatoka kama moshi mweupe ulioinamia kulia. Mwisho wa safu, moshi mmoja ulikuwa umeinamia kushoto.

Rukaya alinyoosha kidole bila kukigusa kioo.

"Huyu."

"Mama, hata uso hauonekani."

"Uso wa nini? Ni yeye."

Alikaa akitazama hadi vitumbua vikapoa. Mwishowe alisema, kama anayesema na meza, "Ila na uso nautaka. Umeanza kunitoka, Haula. Sauti ninayo. Namna anavyokohoa asubuhi ninayo. Nikiutafuta uso, unakuja wa marehemu baba yake."

Wiki hiyo Rama alikuwa anajiandaa kwa safari. Rama alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Newala, aliyehamia Mocímboa baada ya watu kuanza kurudi, na kazi yake ilikuwa kuleta vitenge na sabuni kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Safari hii angefika mpaka Kilwa, kwenye madago, zile kambi ambazo wavuvi wageni hujenga ufukweni msimu wa samaki na kuzihama ukiisha. Kila mtu alijua kwamba vijana wengi wa huku walikuwa wamejificha katika madago yale.

Rukaya alimwomba amtafutie mwanawe, na Rama alikubali pale pale, maana alikuwa mtu mwema. Lakini alikuwa na sharti.

"Jina halitanisaidia, shangazi. Kule hakuna anayetoka Mocímboa. Wote wanatoka Lindi, wote wanaitwa Issa na Hamisi. Wanaogopa kurudishwa mpakani. Ukiuliza jina, ukiutaja na mji, wanadhani umetumwa, na kesho yake unakuta dago tupu. Nipe uso. Nitauonyesha kimya kimya, kama ninamtafuta shemeji yangu."

Haula alimwonyesha safu ya maulidi. Rama aliitazama kwa heshima, kisha akaangua kicheko.

"Samahani, mwalimu. Hii nikiwaonyesha watasema natafuta jini."

Rukaya hakucheka. Alimtazama Haula. Haula alihisi kwamba yote aliyoyasoma Nampula yalikuwa yanatazamwa na macho yale, yakiulizwa kama yana kazi yoyote duniani.

Kulikuwa na programu aliyoiona kwenye telemóvel, simu yake ya mkononi, ya kurekebisha picha za zamani. Jioni ile aliukata ule moshi wa mwisho wa safu, akauingiza humo. Duara dogo lilizunguka kwenye kioo. Likazunguka tena. Halafu akatokea kijana: macho angavu, pua iliyonyooka, midomo kama ya mtu anayetaka kukusalimu. Kichwa kilikuwa kimesimama wima.

"Mashaallah!" Dauto alipiga mapaja. "Kumbe kamera yangu ilimwona hivi? Na mimi nilikuwa nataka kumfuta!"

Haula mwenyewe alijawa na furaha. Aliona kwamba hatimaye elimu imempa mama mmoja kitu cha kushika mkononi.

Asubuhi Rukaya aliitwa. Aliichukua picha, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

"Alikuwa na pengo," alisema. "Hapa." Akajigusa jino. "Au lile lilikuwa la utotoni, likaota?" Akageuka. "Mashine imejuaje, mwanangu?"

"Imesoma nyuso nyingi sana, mama. Inachukua kilichopo, inajazia kinachokosekana."

"Inajazia kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye zile nyuso ilizozisoma."

Hakudanganya. Lakini alilisema upesi, kwa sauti laini, na Rukaya alisikia kile ambacho moyo wake ulikuwa unakingoja.

"Basi kama imezisoma nyingi hivyo," Rukaya alisema, "itakuwa imeusoma na wa kwake."

Haula alifumbua mdomo. Nje Rama alikuwa anaita kwamba gari linaondoka na vitumbua vyake vya njiani viko wapi. Rukaya alikuwa anatabasamu. Yalikuwa maneno machache tu yaliyohitajika pale, hapana mama, haijausoma wa kwake, na Haula aliyaona maneno hayo yamejipanga, akayaacha yapite. Dauto alichapa picha mbili, akazitia plastiki. Moja alipewa Rama. Nyingine Rukaya aliifunga kwenye pembe ya kanga.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Haula baadaye zaidi ya yote. Rukaya alirudi kuimba akikaanga. Ile picha aliitundika juu ya kitanda chake, akawa anaisalimu asubuhi. Aliwaonyesha majirani, na wale waliomjua Suleimane walisema, "Ee, ndiye," kwa sababu nani angesema vingine? Mmoja tu, mama wa makamo aliyeitwa Zaida, alisema kijana amependeza kupita alivyokuwa, na Rukaya akamjibu kwamba watoto wakikua ndivyo wanavyokuwa.

Shuleni, Haula alifundisha somo la nyota yenye mkia. Ile picha ya maulidi aliichapa pia, akaitumia darasani. "Nani haendi na wenzake?" Watoto walimpata upesi, wakapiga kelele, "Yule wa mwisho! Yule wa mwisho!" Baada ya somo aliibandika ukutani studio, chini ya picha ya Mirihi. Aliziona zinafanana, akapenda kuziona pamoja. Hakujiuliza kwa nini doa la Mirihi aliliacha doa, na la Rukaya hakuliacha.

Rama alirudi baada ya mwaka mpya, kakonda, kajaa vumbi. Alikwenda kwa Rukaya kabla ya kwenda kwake.

"Nimepita dago kwa dago, shangazi. Nimeonyesha mpaka plastiki imechoka. Watu wamemsifu uzuri. Mmoja kasema huyu mcheza filamu. Lakini hakuna anayemjua. Hata mmoja."

Rukaya aliipokea ile picha, akaifuta kwa kiganja.

"Kama wote hawamjui," alisema, "basi hakufika."

Hakulia mbele yao. Lakini siku zilizofuata vitumbua vyake viliungua upande mmoja, na Dauto alivila hivyo hivyo. Kisha ikasikika kwamba Rukaya amekwenda kwa imamu kuomba Suleimane asaliwe sala ya ghaibu, ile sala ya jeneza anayosaliwa maiti asiyekuwapo. Ingesaliwa Ijumaa, kabla Ramadhani haijaingia. Miaka yote ile watu walikuwa wamemshauri afanye hivyo ili moyo wake utulie, naye alikuwa akikataa. Safari hii alikubali mwenyewe, kwa sababu ya picha.

Jumatano ya wiki hiyo aliingia studio kijana mmoja, Mussa, aliyerejea siku chache nyuma kutoka Tanzania. Alikuja kupigwa picha ya BI. Alikuwa mcheshi, mwenye kovu juu ya jicho. Dauto alimkalisha mbele ya shuka.

"Kidevu juu. Nitazame mimi."

Mussa hakumtazama. Alikuwa anatazama ukuta.

"Wewe, BI haipigwi na shingo ya upande! Nitazame."

"Mzee, huyu mmempata wapi?"

"Nani?"

"Huyu wa mwisho kwenye safu. Issa Chelewa."

Haula aliinuka kwenye kompyuta. "Unamjuaje? Hana uso."

"Uso wa nini, dada? Nimekaa naye dago moja Kilwa, tumepiga maulidi pamoja kila Alhamisi. Mtu mmoja tu duniani anayumba hivyo. Ona zawadi yake." Akajigusa kovu. "Nilikwenda kulia, naye akanijia kutoka kushoto na kichwa chake kama nazi. Tukamwuliza, wewe Issa, huyasikii matari? Akasema..."

"Anangoja ahakikishe," Dauto alisema taratibu.

"Ee! Umemjuaje?"

Haula alishika meza. "Mwezi wa kumi na mbili alifika kwenu mtu na picha. Mtu wa vitenge."

"Rama? Alifika. Alikaa na sisi jioni nzima, akatugawia sabuni."

"Hakumwonyesha Issa picha?"

"Si alituonyesha wote! Niliishika mimi, nikampa Issa, naye akaishika." Mussa alitazama nyuso zao, kicheko kikaanza kumwacha. "Aliitazama muda. Akasema, kijana mzuri huyu, Mungu amrudishe kwao."

Rama hakuwa ametaja jina la mtu wala la mji, kama alivyoahidi.

"Yuko huko sasa?" Haula aliuliza.

"Issa? Mwezi wa kwanza walipita watu wa Mafia na mashua ya injini, wanatafuta vijana. Akaondoka nao. Wengine wanasema kutoka Mafia wamekwenda Tanga, wengine Ngazija. Issa hakai mahali, dada. Anapita." Akasita. "Kwani ni nani wenu?"

Haula alitoka bila kujibu. Aliipita shule, akaisikia sauti ya watoto wakirudia kitu kwa pamoja. Njiani alijaribu kupanga maneno, na kila alivyoyapanga yalianza na neno lilelile: mzima. Alishikilia hilo. Alikuwa mtu wa kutafuta penye mwanga, hata siku ile.

Rukaya alikuwa kibarazani akipepeta mchele. Haula alikaa kwenye mkeka, akamweleza yote kwa mpangilio, bila kuruka kitu, hata lile la picha kupita mikononi mwa Suleimane mwenyewe. Kisha akaeleza na jambo ambalo hakulieleza asubuhi ile mlangoni: kwamba mashine haikuwahi kuuona uso wa mwanawe. Ilikuwa imetunga kijana, kutoka kwa watu wengine, na kumnyoosha kichwa kilichokuwa kimeinama.

Ungo ulisimama mikononi mwa Rukaya.

"Alhamdulillahi," alisema kwanza. Akasema tena. Machozi yakamtoka, akayaacha. "Yu hai mwanangu. Nami nilikuwa namsalia jeneza keshokutwa."

"Nisamehe, mama."

Rukaya aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na picha mbili, ile ya juu ya kitanda na ile aliyorudi nayo Rama, iliyochakaa pembe. Haula alinyoosha mkono.

"Nipe, mama. Nizichane. Huyu si mtu."

"Hii chana," Rukaya alisema, akimpa ya kitandani. Ile iliyochakaa aliikumbatia. "Hii hapana. Kwa mkono upi aliishika? Hakusema huyo kijana?"

"Hakusema, mama."

Rukaya aliipitisha vidole pembeni, kila upande, taratibu, kama anayetafuta mahali pa kuanzia kumenya kitu. Alipomaliza alifumba macho. Kisha akasema.

"Zamani nikifumba alikuwa anakuja baba yake. Baba yake naye kaondoka. Sasa anakuja huyu." Akaipindua picha, sura ikatazama mkeka. "Anakuja anatabasamu, na mimi simjui."

Ijumaa haikusaliwa sala ya ghaibu. Imamu alitangaza kwamba kijana amesikika yu hai, watu wakaitikia amina kwa nguvu, na wanawake wakapiga vigelegele uani kwa Rukaya. Haula alipiga nao. Sauti yake ilikatika katikati, akamalizia kwa makofi.

Rama alipopata habari alikaa chini studio, kofia mkononi, akitikisa kichwa. "Nilikula naye ubwabwa sahani moja," alisema. "Sahani moja, mwalimu!" Kisha akasema anarudi, safari hii mpaka Mafia, na kama ni Tanga basi Tanga. "Ila mnipe nini mkononi? Ile ya jini?"

"Hupewi kitu," alisema Rukaya, aliyekuwa ameingia na sahani yake. "Ukifika penye vijana wa huku, usiulize, usionyeshe. Waombe wapige maulidi. Sema umeweka nadhiri. Halafu kaa utazame anayechelewa."

"Wengi hawajui kuyumba, shangazi. Nitamjuaje?"

Rukaya aliweka sahani mezani. Alilivuta lile shuka jeupe la vitambulisho, akalitandika chini, akapiga magoti mwisho wake. "Haula, njoo. Dauto, na wewe na mgongo wako. Pigeni magoti."

Walipiga magoti, bega kwa bega, mjomba akiguna. Rama alichukua sinia lililokuwa pembeni, akaligonga kama tari. Haula na Dauto wakainamia kulia. Rukaya akangoja, kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa makini, ndipo akaenda kushoto. Wakarudi kushoto, wakakutana naye akienda kulia, kichwa chake kikampita Haula karibu na sikio. Dauto alianza kucheka. Rukaya hakucheka. Alikuwa amefumba macho, na kila alivyoyumba bega lake la kulia lilishuka kwanza, kama si bega lake bali la mwanawe.

Haula aliliona. Alikuwa ameliona kwenye picha kila siku, chini ya Mirihi.

"Anakuja, mama?" alinong'ona.

Rukaya alitikisa kichwa bila kuacha kuyumba. "Bega tu. Uso bado ni wa yule wako."

Akafumbua macho, akamtazama Rama.

"Umepaona? Hapo ndipo anapochelewa."

"Nimepaona, shangazi."

"Piga tena," Rukaya alisema. "Usije ukafika huko ukasahau."